Kuchagua daktari wa mbwa na paka: muulize akishindwa anakupeleka wapi

Wengi wetu tunampata daktari wa mbwa au paka hivi: mnyama kaamka anatapika, unamuuliza jirani anayefuga, unapewa namba, unapiga, na aliyepokea ndo anakuwa daktari wenu mpaka mwisho. Sio ujinga, ni vile tu hakuna anayehangaika kutafuta daktari wakati mbwa anakimbizana na kuku uani. Ila siku ya kuumwa ndo siku mbovu kuliko zote ya kuchagua, una presha, huna muda wa kulinganisha, na chochote utakachoambiwa utakubali hata kama moyoni unaona hakijakaa sawa.

Afu lile swali tunaloulizana, eti nani daktari mzuri hapa karibu, ni maswali kama matano yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna elimu yake, kuna mnyama aliyemzoea, kuna namna anavyopima, kuna vifaa, na kuna usiku. Unaweza kukuta kliniki ina eksirei mpya kabisa na daktari ambaye hamgusi mnyama, na mtaa wa pili kuna chumba kimoja tu na mtu anayejua anachofanya. Ukiuliza kwa jumla utajibiwa kwa jumla, "yule yuko vizuri", basi.

Tuanze na cheti maana ndo rahisi. Daktari wa wanyama amesoma chuo kikuu, nchi nyingi ni miaka 4 mpaka 6 ya masomo hayo peke yake, na akimaliza lazima asajiliwe na baraza au bodi ndo aruhusiwe kutibu. Chini yake kuna wasaidizi wenye diploma au cheti ambao wanaruhusiwa baadhi ya kazi tu, mara nyingi chini ya usimamizi wa daktari. Wapo wasaidizi wazuri sana, mi sina ugomvi nao hata kidogo, shida ni pale ambapo wote wamevaa koti, wote mnawaita dokta, na wewe hujui nani kati yao atashika kisu. Uliza tu kwa heshima, dokta umesajiliwa wapi, na sehemu nyingi orodha ya waliosajiliwa iko wazi unaiangalia mwenyewe kwenye simu. Anayejua kazi yake hakasirikii hilo swali.

Cheti lakini hakikwambii mikono yake imezoea mnyama gani. Hii fani ilianzia kwa farasi na ng'ombe, shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama ilianzishwa Lyon, Ufaransa, 1761 na Claude Bourgelat, kipindi ambacho tauni ya ng'ombe ilikuwa inafagia mifugo Ulaya, mbwa na paka walikuja kupewa uzito baadaye sana. Mpaka leo mwanafunzi anasoma ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, mbwa na paka, wote kwenye shahada moja, kwaiyo unaweza kumpata bingwa kweli wa kuzalisha ng'ombe ambaye paka anamwona mara moja moja. Sio daktari mbaya, ila pengine sio wa paka wako. Muulize siku yake ya kawaida ikoje, kati ya wanyama anaowaona kwa wiki mbwa na paka ni wangapi, na upasuaji wa mwisho wa paka alifanya lini.

Na paka sio mbwa mdogo, hii madaktari wenyewe wanaisema kila siku. Ini la paka linashindwa kuzichakata baadhi ya dawa ambazo sisi tunameza bila kufikiria. Parasetamo ndo mfano unaotisha zaidi: kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua paka, chembe nyekundu za damu zinaharibika zinashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka bluu au kahawia kama matope, uso na miguu inavimba. Permethrini nayo hivyohivyo, ipo kwenye dawa nyingi za kupe na viroboto za mbwa, mbwa akipakwa anaendelea na maisha yake, paka akipakwa hiyohiyo anaanza kutetemeka mpaka degedege. Mbwa nao wana yao, ibuprofeni inawatoboa tumbo na kuwamaliza figo, na mbwa wengi wa ukoo wa collie wana hitilafu ya kurithi inayoitwa MDR1 ambayo inaruhusu ivermectin (dawa ya minyoo na wadudu) ya dozi kubwa kupenya mpaka kwenye ubongo. Sasa hapa una mtihani wa bure kabisa wa kumpima daktari: muulize, dokta paka wangu akipata homa usiku naweza kumpa parasetamo kidogo? Akikujibu nusu kidonge, mshukuru, chukua kikapu chako uondoke.

Ila kipimo kikubwa zaidi ni dakika chache za mwanzo pale mezani, na hii sehemu naomba uiangalie kwa makini maana ukishaiona ikifanyika vizuri mara moja hutadanganyika tena. Daktari anayejua kazi anaanza kabla hajamgusa mnyama, anamwangalia mbwa anavyoingia, anakanyaga vipi, anapumuaje, huku anakuuliza anakula nini, katapika mara ngapi, choo kikoje, kachanjwa lini, na kuna dawa gani umeshampa nyumbani (sema ukweli hapo, usione aibu). Halafu mizani. Kila mara mizani, hata kama mlikuja wiki iliyopita, kwa sababu dozi inapigiwa hesabu kwa kilo, na paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo hiyo ni habari kubwa ingawa kwa macho huioni. Anafunua mdomo, anabonyeza fizi kwa kidole mpaka ipauke, anaachia, anaangalia rangi inarudi baada ya muda gani, ikizidi kama sekunde 2 anajua mzunguko wa damu una shida. Anapapasa tezi chini ya taya, mbele ya mabega, nyuma ya magoti. Anaminya tumbo taratibu kwa vidole, anasikilizia mnyama anajikaza wapi. Anasikiliza moyo huku mkono mwingine umeshika mapigo upande wa ndani wa paja, kuona kama vinaenda pamoja. Kipimajoto kinaingia nyuma, na joto la kawaida la mbwa na paka ni kama 38 mpaka 39.2, yaani 38.7 ambayo kwako wewe ni kulala kitandani, kwake ni afya njema.

Hayo yote hayahitaji hata umeme. Ndo maana huwa nasema usimhukumu daktari kwa vigae vya sakafuni.

Kinyume chake ni yule ambaye mbwa bado yuko mlangoni na sindano imeshavutwa. Zinachomwa tatu mfululizo, ya kuua wadudu, ya nguvu, ya kushusha homa, hakuna jina, hakuna uzito, hakuna kitu kimeandikwa. Kesho yake mbwa kachangamka mnamsifia daktari, na mara nyingine kilichomchangamsha ni steroidi, ambayo inashusha uvimbe na kuamsha hamu ya kula hata pale ambapo ugonjwa wenyewe uko palepale unaendelea kula ndani, na kama ni maambukizi mazito inaweza kuyapa nafasi zaidi. Antibayotiki nazo vilevile, kuhara kwingi kwa mbwa hakuhitaji antibayotiki kabisa. Kwa hiyo iwe kawaida yako kusema dokta naomba niandikie majina ya dawa na dozi. Sio kwamba humuamini, ni kwamba usiku hali ikibadilika na ukaenda kwa daktari mwingine, swali la kwanza utakaloulizwa ni amepewa nini, na "kachomwa sindano nyeupe" sio jibu linalomsaidia mtu.

Chanjo sasa, hapa ndo watu wanachanganyikiwa kupita kiasi na ndo penye ubishi mwingi. Kwanini mtoto wa mbwa anachomwa ileile mara tatu nne? Kwa sababu maziwa ya kwanza ya mama yana kingamwili, zinamlinda mtoto lakini pia zinaizima chanjo, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu zitaisha lini kwa mtoto yupi. Ndo maana unaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, unarudia kila baada ya wiki 2 mpaka 4, na dozi ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Daktari anayekwambia katoto ka wiki 8 kakichomwa mara moja kamemaliza, huyo anakuachia mlango wazi kwa pavo, kirusi cha kuhara kinachoua watoto wa mbwa. Upande wa pili kuna wanaochoma kila kitu kila mwaka bila kueleza. Mwongozo wa WSAVA, ambacho ni chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, unasema chanjo za msingi za mbwa mkubwa (distempa ambayo nayo ni ugonjwa wa virusi, pavo, homa ya ini) akishamaliza zile za utotoni na ile ya kukazia hazihitaji kurudiwa mara nyingi kuliko kila miaka 3, wakati ile ya leptospira, bakteria wanaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, inarudiwa kila mwaka kwa mbwa walio kwenye mazingira ya hatari. Kichaa cha mbwa kinategemea aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo, kuna ya mwaka 1 na kuna ya miaka 3, na hii usiifanyie utani hata siku moja, karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa aliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Daktari mzuri anaweza kukueleza kwanini anachoma hii leo na ile mwakani. Asiyeweza atakwambia "ndo utaratibu".

Na friji. Chanjo zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 mpaka 8, sio zaidi na wala zisigande, ikipita hapo unaweza kuchoma maji tu ukajipa matumaini. Angalia chanjo inatolewa wapi. Ikitoka mfukoni mwa shati, kwenye mkoba uliokaa kwenye buti la gari tangu asubuhi, kataa. Daktari anayezunguka majumbani sio tatizo, wengi wana maboksi mazuri ya barafu, uliza uone. Kile kistika cha kichupa nacho kibandikwe kwenye kadi, na tarehe, na sahihi ya aliyechoma.

Upasuaji wa kuhasi na kufunga kizazi ndo upasuaji ambao wanyama wengi wataupata maishani na ndo watu wanaoutafutia bei ya chini kuliko vyote. Hatari yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2008 ulikuta mbwa kama 1 kati ya 600 na paka kama 1 kati ya 420 wanakufa kutokana na nusu kaputi au usingizi wa dawa, wazima kabisa wakiwa chini ya hapo na wagonjwa juu zaidi. Kilichonishtua mimi kwenye ule uchunguzi sio idadi, ni muda: karibu nusu ya vifo vya mbwa, na zaidi ya nusu kwa paka, vilitokea baada ya upasuaji kuisha, na vingi vya hivyo ndani ya masaa 3 ya kwanza, yaani ule muda ambao kila mtu anavua glovu anaenda kunawa akiona kazi imekwisha. Kwa hiyo maswali yako yawe ya namna hiyo. Nani anamwangalia akiwa amelala, ni mtu mwingine au ni huyohuyo anayekata? Atawekewa kanula (kile kimpira cha kupitishia dawa na dripu) kwenye mshipa na mpira wa kupumulia? Atapewa dawa ya maumivu kabla na baada, au mnategemea usingizi tu? Akianza kuamka anakaa wapi, anafunikwa na nini, maana paka anapoteza joto haraka sana, na nani amekaa naye? Ukiona bei ya huyu ni nusu ya yule, tofauti mara nyingi imejificha kwenye majibu ya hayo maswali, sio kwenye uzi wa kushonea.

Kuhusu mashine sitakaa sana. Eksirei, ultrasaundi, kipimo cha damu na darubini ni vitu vizuri, ila kipimo kinasaidia kama kuna mtu anayejua anatafuta nini, na kliniki ndogo inayotuma damu maabara na kukupigia kesho yake na majibu inaweza kukufaa kuliko yenye mashine iliyofunikwa kitambaa kwa sababu dawa zake za kupimia ziliisha. Darubini ningependa iwepo, maana ngozi, masikio, kinyesi na matone ya damu vinasomwa palepale.

Sasa lile swali ambalo mi naliweka juu ya yote: dokta ukishindwa, unanipeleka wapi? Na mdogo wake: saa nane usiku nampigia nani?

Hakuna kliniki ya mtaani inayoweza kila kitu, na haitakiwi. Unachotafuta ni mtu anayejua mwisho wa uwezo wake uko wapi na ameshajipanga kwa ajili ya hapo. Jibu zuri linasikika hivi: mfupa wa mguu wa kawaida namalizana nao mwenyewe, nyonga iliyovunjika namtuma hospitali fulani, macho yana mtu wake, na mnyama anayehitaji dripu usiku kucha simlazi hapa kwa sababu mi sina wa kulala naye. Limenyooka, lina majina, halina aibu. Jibu baya ni "sisi hapa tunafanya zote". Hilo likisemwa na kliniki ya daktari mmoja, ujue mnyama wako atashikiliwa pale mpaka hali iwe mbaya ndo uambiwe mpeleke kwingine, na rufaa ikichelewa haina kazi. Hapohapo uliza pia akilazwa usiku nani anabaki naye. Utashangaa, kliniki nyingi zinafungwa jioni na wagonjwa wamo ndani peke yao mpaka asubuhi, na hakuna anayekwambia mpaka uulize. Pengine ni sawa kwa kesi yako, ila ujue.

Kwanini nalikazania hili la usiku, kwa sababu kuna magonjwa yasiyosubiri. Chukua paka dume. Anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu au linatoka tone, anatoka, dakika chache anarudi tena, analia kwa sauti ambayo sio yake, anajilamba nyuma bila kukoma. Watu wengi wanadhani kafunga choo wanamnywesha mafuta. Kumbe njia ya mkojo imeziba, kibofu kimejaa kimekuwa kigumu, sumu na potasiamu zinapanda kwenye damu mpaka moyo unapotea njia, na ndani ya siku 1 mpaka 3 anakufa. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo linavimba ghafla, anajaribu kutapika hakitoki kitu, anahema, hatulii: tumbo limejaa gesi na limejipinda, hapo mnahesabu masaa. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi, wiki chache baada ya kuwa kwenye joto anaanza kunywa maji mengi, hataki kula, analala tu, mara nyingine usaha unatoka nyuma na mara nyingine hautoki kabisa, huyo mfuko wa uzazi umejaa usaha. Mweleze daktari unayemfikiria mfano wa huyo paka, mwambie ni mfano tu, usimpigie simu ya uongo, halafu sikiliza. Anayesema mlete muda huohuo, au mkimbize sehemu fulani, anajua. Anayesema tutamwona asubuhi, hajui au hajali, na kwako wewe matokeo ni yaleyale.

Pesa izungumzwe mapema. Omba makadirio ya maandishi yenye cha chini na cha juu, na uliza bila aibu, dokta nikiwa na uwezo wa hapa tu tunafanya nini kwanza? Kuna karibu kila mara njia zaidi ya moja, na daktari mwenye busara anazo kichwani. Anayekufanya ujione humpendi mnyama wako kwa sababu umeuliza bei, mi ningemkimbia.

Maoni ya watu mtandaoni yasome kwa akili. "Mbwa wangu alifia kwao" inauma kuisoma lakini haikwambii alifika akiwa na hali gani. "Wananisubirisha masaa mawili" nayo huenda maana yake wanapima vizuri. Mi huwa natafuta kitu kinachojirudia kutoka kwa watu tofauti, kama hawapokei simu, dawa hazina majina, au bili inabadilika mlangoni.

Kwa wenye paka niongeze kidogo: angalia kama paka anapewa hata kona yake mbali na mbwa wanaobweka, na kama wanamtoa kwenye kikapu kwa kumvuta ngozi ya shingo au wanafungua mfuniko wa juu wakampima akiwa ndani humohumo. Paka aliyetishwa mapigo yanapanda, sukari inapanda, tumbo linakaza, na vipimo vyote vinakuwa vya hofu.

Na kama umeshagundua uliyenaye hafai, hamuhitaji kugombana. Omba kumbukumbu za mnyama, majibu ya damu, picha za eksirei, majina ya dawa za nyuma, kadi ya chanjo yenye vistika, na namba ya chipu (kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama amewekewa, ile ya kimataifa ina tarakimu 15. Ukipewa kwa maandishi piga picha kila ukurasa uhifadhi kwenye simu. Wengine watakwambia hawana faili, na hapo utakuwa umeelewa kwanini kila ukienda mlikuwa mnaanza upya. Kwa daktari mpya mpeleke akiwa mzima, kwa ajili ya uzito na kuangaliwa meno tu, akusikilizie na moyo, ili siku akiletwa anaumwa kuwe na cha kulinganisha nacho.